Neno Bilobaloba na Fonia ya Pinga

Vijana, juzi hapa kijijini Kingi tulikuwa tunapalilia maharagwe, na mmoja wenu aliyekuwa mstari wa jirani akaniambia: "Papa, uko na bilobaloba mingi, njo maana jembe yako iko nyuma." Sikukasirika. Jembe langu lilikuwa nyuma kweli. Nilimwuliza tu kama anajua neno hilo limetoka wapi. Akasema halikutoka mahali, yeye alilikuta tu. Basi nikasimamisha jembe nikaanza kumweleza, na kufikia saa sita wenzetu walikuwa wamemaliza kilima chote, sisi wawili bado tuko na mistari miwili. Nimeona afadhali niandike. Ukiandika, magugu hayakungojei.

Kazi yangu ilikuwa fonia. Wengi wenu hamkuiona. Ilikuwa redio ya kusema na kusikia: kisanduku cha chuma, mikro yenye kamba iliyojikunja kama mkia wa nguruwe, batri ya gari, pano ya kuvuta moto wa jua juu ya mabati, na waya mrefu uliofungwa kati ya miti miwili. Kabla minara ya simu haijafika, mtu wa Pinga aliyetaka kusema na ndugu yake wa Buleusa au wa Masisi alikuja kwetu, akaeleza ujumbe wake, sisi tukausema hewani, na mwenzetu wa upande wa pili akauandika na kumpelekea mwenyewe.

Shule niliishia darasa la tano. Sikufukuzwa. Dirisha la darasa letu lilitazama njia iendayo Walikale, na kila aliyepita nilitaka kujua anakwenda wapi. Siku moja nikatoka kumwuliza mmoja, sikurudi. Nikabeba chumvi mgongoni, nikabeba mafuta ya mawese, nikalala katika vijiji ambavyo hata leo sijui vinaandikwaje. Nilipofika Pinga nilisikia sauti ya mwanamke ikitoka kwenye kibanda ambacho hakikuwa na mwanamke ndani. Nikasimama dirishani siku mbili. Siku ya tatu mzee aliyekuwa ndani akanena bila kugeuka:

"Weye, ao ingia, ao toka. Unanifungia mwangaza."

Nikaingia. Huyo ndiye Papa Safari, na ndiye aliyenifundisha yote. Alikuwa mwembamba, mwenye koti moja la kahawia, na maneno aliyatoa kama mtu anayetoa mbegu ghalani wakati wa njaa. Ukimsalimia "Habari ya asubuhi, Papa," alijibu "Iko."

Alinifundisha kubonyeza mikro, kuvuta pumzi moja, ndipo niseme, maana ukisema papo hapo neno la kwanza halitoki. Jina la mtu linasemwa mara mbili. Mikro inakaa umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, ukiisogeza zaidi mwenzako anasikia mate tu. Asubuhi sauti inakwenda mbali, jua likikaa utosini inarudi karibu. Waya ukiguswa na jani lenye maji, nusu ya Walikale inapotea. Na kusikiliza hakuli batri sana, kusema ndiko kunakoila. Hilo la mwisho alilirudia kila siku, akinionyesha kwa kidole mshale mdogo mwekundu wa kupimia moto wa batri.

Juu ya hayo yote aliweka sheria moja. "Fonia iko tiyo ya maji," alisema, akimaanisha bomba. "Maji inapita. Tiyo hainywake, haiongezake chumvi."

Mimi niliongeza chumvi. Mwezi wangu wa pili, kijana mmoja alikuja kutuma habari kwa wazazi wa mchumba wake huko Buleusa: Jumamosi atafika na mbuzi wawili. Ujumbe ulikuwa mkavu, nikauonea huruma. Nikasema hewani kwamba kijana anakuja na mbuzi wawili wanene, wa kizazi kizuri, mmoja ana ndevu kama za askofu. Sikuwa nimewaona mbuzi hao. Jumamosi walipofika, wakwe walizunguka nyuma ya wale wanyama wakitafuta wengine. Mbuzi walikuwa mbavu tupu, na mwenye ndevu hakuwepo. Harusi ilisogezwa mpaka baada ya mavuno, na kijana yule alirudi Pinga kwa miguu makusudi ili aje anitazame usoni.

"Ni weye bilobaloba ya fonia?" akaniuliza.

"Ni mie."

"Ile mundevu ya askofu, uliiona wapi?"

Papa Safari alicheka mara moja tu, kwa pua. Toka siku hiyo jina likanikaa, hata vituo vya mbali vikawa vinaniita: "Bilobaloba wa Pinga, unanisikia?"

Mtu akipewa jina lazima atake kujua baba yake. Nilianza kuuliza. Askari mmoja wa mkoa wa Ekwateri, aliyekuja kutuma salamu kwa mke wake, aliniambia kwa Lingala kusema ni koloba, na maneno ni maloba. Basi loba-loba ni kusema na kusema tena, na ile bi ya mbele ni kama vi yetu ya vitu. Vitu vya kusemasema. Nikafikiri juu ya hilo siku nzima. Hata sisi tukirudia neno mara mbili tunalipunguza uzito: anayetembea ana pa kwenda, anayetembeatembea hana. Anayepiga amekusudia, anayepigapiga anajaribu. Kumbe na anayelobaloba ndivyo alivyo, maneno yake yanatembea bila safari. Mimi mwenyewe miguu yangu ilikuwa hivyo, nikaona jina limenipata mara mbili.

Neno hilo lilipanda huku kwetu pamoja na askari, na wachuuzi, na nyimbo za dansi. Walikale walilipokea mapema kwa sababu njia zao zinashuka kuelekea kwa wenye Lingala. Masisi nilikokulia, wazee walisema tu "ule iko na maneno mingi," ao "iko na mudomo." Jirani yetu mmoja msemaji wa Kinyarwanda aliniambia kwao maneno ni amagambo, na mwenye kuzidi kuyasema ni umunyamagambo, mtu wa maneno. Mchuuzi wa vitenge aliyepitia Tanzania akaniletea domokaya, yaani domo na kaya, mdomo unaotoa nje mambo ya nyumbani.

Tazameni jambo hilo, vijana. Isipokuwa huyo wa kaya, wote walichukua neno la kawaida kabisa, kusema, maneno, mdomo, vitu alivyotupa Mungu, wakasema tu kwamba ni vingi. Hakuna aliyetafuta tusi. Wingi wenyewe ndio tusi. Nilipomweleza Papa Safari ugunduzi huo, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Na weye umesema mingi kwa kuieleza."

Basi nikajirekebisha. Nilijifunza kuwa tiyo. Mwaka uliofuata hakuna aliyenilaumu, na watu wakaanza kusahau mbuzi. Na hapo hapo, nilipokuwa nimekauka kabisa kama Papa Safari, ndipo nusura nimwue mtu.

Lazima kwanza niwaambie desturi yetu. Habari ya kifo haikupita hewani. Kila mwenye fonia alikuwa anasikia, na vibanda vyetu vilijaa watu. Na mama aliyetakiwa kutembea kutwa nzima msituni huwezi kumwambia kabla hajaondoka kwamba mtoto wake hayupo, miguu itamwisha njiani. Kwa hiyo tulisema: "Fulani anaumwa sana, njooni." Maneno manne, hakuna la ziada. Mwenzako wa upande wa pili alijibu "pole," na familia ikaelewa. Wakiuliza kama bado yuko hai, tulijibu "anapumua." Tulidanganya kwa huruma, na kila mtu alijua tunadanganya, na kila mtu alishukuru.

Ilikuwa kipindi cha mvua. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya Pinga siku tatu na pano haikuona jua. Asubuhi saa moja akaja Yosefu, mkulima wa pale karibu, ana kandambili moja mguuni, nyingine sijui aliiacha tope gani. Mke wake Neema alikuwa amejifungua mtoto wa kike alfajiri kwenye kituo cha afya, naye alikuwa anapoteza damu. Nesi alisema anahitaji kuongezwa damu kabla ya jioni. Waliopimwa pale hawakufaa. Lakini kaka yake Neema, Bahati, aliyeishi Buleusa na mama yao, alikwisha kumpa damu siku za nyuma, kwenye uzazi wa kwanza, na ilikubali.

Nikaandika, nikabonyeza, nikavuta pumzi, nikasema kama nilivyofundishwa: "Neema, Neema, anaumwa sana. Bahati aje leo."

Aliyepokea Buleusa alikuwa dada Zawadi, mwenye fonia wa huko, mwangalifu kuliko sisi wote. Akajibu: "Bien reçu, nimepokea. Poleni sana."

Nami nikasema asante. Vijana, nilisema asante kwa ile pole, nikaweka mikro chini, nikajisikia fundi.

Nusu saa baadaye niliita kuuliza kama Bahati ameondoka. Zawadi alipofungua mikro, nyuma yake nilisikia wanawake wengi kwa pamoja, na sauti hiyo haihitaji kuelezwa.

"Papa, huku kilio kimeanza," akasema. "Wazee banakusanyika. Wametuma muntu kuita bajomba. Batatoka kesho asubuhi, bote pamoja, na tipoyi ya kubebea mwili."

Yosefu alikaa chini sakafuni.

"Zawadi, hakufa," nikasema. "Neema iko muzima. Tunataka damu ya Bahati, leo, mbele ya jioni."

"Papa," akanijibu kwa upole, "hata mie njo ninasemaka vile."

Kabla sijajibu, mtu alimnyang'anya mikro. Alikuwa mama yake Neema. Alisema bila kulia, na hilo lilinitisha zaidi. "Muniambie kweli tu. Mie nilishazika bengine. Musinifiche kama mutoto."

Nikataka kumpa ukweli, na neno lililonijia mdomoni ndilo lile tulilozoea kuwasemea wafu: "Mama, anapumua."

Nikamsikia akiangusha mikro.

Nilimgeukia Papa Safari. Alikuwa ameinama juu ya kile kimshale chekundu. Nilijua anachokiona, maana nilikuwa nimekitazama pia. Akasema: "Batri iko na moto ya robo saa. Kisha kufa." Akanisogezea mikro. "Kula yote."

Lakini niseme nini? Kila neno la kweli nililokuwa nalo tulikuwa tumekwisha kulitumia kwa wafu. Anaumwa, la uongo. Anapumua, la uongo. Hakufa, la uongo zaidi. Nikamwuliza Yosefu, "Neema anasema?"

"Anasema nini?"

"Ninauliza kama anasema. Mudomo yake inafunguka?"

Yosefu aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kama mvua ina maji. "Kusema anasema. Nesi anamukataza, anasema anyamaze, asichoke. Haiwezekane. Toka asubuhi ananigombeza tu."

"Anakugombeza juu ya nini?"

"Papa, hii njo saa ya kuuliza ile?"

"Njo saa yenyewe. Sema. Usiache hata moja."

Akasema, na mimi nikabonyeza mikro nikawa nasema nyuma yake, sentensi kwa sentensi. Nilisema: mama Neema, usikilize. Neema anasema uji waliomletea haukuwa na sukari, na aliyeukoroga aliukoroga kama mtu anayekanda udongo wa nyumba. Anasema Yosefu alimwacha mbuzi amefungwa kwenye mvua, na kama mbuzi huyo atakohoa, Yosefu atalala naye kitanda kimoja. Anasema mtoto ana masikio ya babu yake wa Buleusa, yamesimama kama ya popo, na Yosefu asifurahi sana maana hakuna chake hata kidole. Anasema nesi ana mikono baridi.

Kituo kingine kikaingia katikati, mtu wa mbali huko, akicheka: "Bilobaloba, unakula batri ya bantu. Toka kwa mustari."

"Nyamaza," Papa Safari akasema kwa mikro, neno pekee alilolisema hewani siku hiyo. Kituo kile kikanyamaza.

Nikaendelea. Nilisema: Neema anasema Bahati alichukua sufuria yake kubwa kwenye harusi ya binamu yao, akairudisha bila kifuniko. Anasema amekaa kimya miezi minane ili aone kama Bahati ana haya. Sasa anataka kifuniko chake. Bahati akija, aje nacho. À vous, yaani zamu yenu.

Niliachia kidole. Ilikuwa mvumo tu wa redio. Kimshale kilikuwa kimelala karibu na mwisho.

Kisha sauti ya mama yake ikaja, taratibu. "Anasema kifuniko?"

"Kifuniko, mama. Na anasema kama Bahati iko na akili, asinunue ingine ya sokoni. Alete ile yake."

Halafu nikamsikia akisema, si na mimi, amegeuza kichwa: "Bahati. Acha kulia. Dada yako iko muzima, muzima kabisa. Kwenda utafute ile kifuniko."

"Kifuniko hapana, mama," Zawadi akasema kwa haraka. "Atafute pikipiki. Sasa hivi."

Taa ndogo ya kisanduku ikafifia, ikazima. Hatukusikia lingine.

Mimi na Papa Safari tulikaa pale kutwa. Hatukujua kama pikipiki ilipatikana, wala kama mto ulipitika. Yosefu alikuwa anakwenda kituo cha afya na kurudi, na kila aliporudi tulimwuliza swali moja: "Anasema?" Saa tano alijibu, "Anasema." Saa saba akajibu, "Kidogo." Saa nane alitikisa kichwa tu. Nilikuwa nimemwomba Mungu mambo mengi katika kutangatanga kwangu, lakini sikuwahi kumwomba kwamba mwanamke aanze kugombana.

Saa tisa ikaja pikipiki. Bahati alikuwa na tope mpaka kifuani, dereva vilevile, hukuweza kujua nani ni nani mpaka mmoja alipoanza kukimbia kuelekea kwa nesi huku akikunja mkono wa shati. Ile jioni, Yosefu alikuja mlangoni mwetu akasimama. Papa Safari akamwuliza lile swali letu. Yosefu akasema: "Ameuliza kifuniko iko wapi. Bahati anasema hakuikuta. Sasa banagombana." Akakaa chini, akalia.

Nyinyi leo mna simu. Nimeona mnavyoandika: "Mama anaumwa sana, rudi." Kijana aliye Goma anapokea, anauza kitu chake, anafika na nguo nyeusi kwenye mfuko, anamkuta mama anakula ugali. Ao anaelewa vibaya upande wa pili, anadhani ni homa tu, anakawia, anafika amechelewa. Mashine zimebadilika, desturi imebaki ndani yake. Mtu wako akiugua, msitume ugonjwa. Ugonjwa unafanana kwa kila mtu. Tumeni alichokisema, alichokikataa, anayemkasirikia. Aliyekufa hana malalamiko. Na msiongeze chumvi, maana siku ile kama mama angenishika na udevu mmoja tu wa askofu, asingeamini hata kifuniko.

Mama yake Neema alifika kesho yake mchana, kwa miguu, na wanawake wawili wa ukoo. Walitangulia kwa mgonjwa, wakakaa huko muda mrefu. Baadaye akaja peke yake kwenye kibanda chetu. Pano ilikuwa nje inakula jua dogo lililojitokeza. Papa Safari alimpa kasha lake la kukalia, jambo ambalo sikumwona akilifanya kwa mwingine, akatoka nje kuangalia waya.

Mama alinitazama kwanza, akinilinganisha na ile sauti. "Ni weye ulikuwa unasema?"

"Ni mie, mama."

"Ile ya masikio ya babu yake. Weye njo uliongeza?"

"Hapana, mama. Ile siku sikuongezaka hata moja."

Akaitika kwa kichwa. "Niliyaona masikio. Ni yake kweli." Akafungua kitenge kichwani, akakifunga upya, akaweka mikono magotini kama mtu aliyekuja kukaa. "Sasa, mie nilisikia nusu tu. Ile kisanduku ilikuwa na kelele, na wanawake walikuwa banalia. Sema yote tena. Anzia kwa uji."

Nikaanzia kwa uji.